Anki kwa msamiati mgumu wa Kiingereza: uzoefu wangu

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga. Kiingereza cha kuongea hakinisumbui. Kinachonitoa jasho ni kile cha kwenye karatasi: mikataba, masharti ya bima, barua za mawakala wa meli.

Anki ni programu ya kadi. Mbele swali, nyuma jibu. Ukishaifunua unabonyeza mwenyewe: umesahau, umekumbuka kwa taabu, au limekuja lenyewe. Uliyoisahau inarudi muda huohuo. Uliyoijua inasogezwa siku kadhaa, baadaye wiki, baadaye miezi. Ipo tangu 2006. Kwenye Android ni bure na ukishaipakua haili bando, kwa hiyo naipitia nikiwa kwenye foleni ya geti bandarini. Wa iPhone wanalipia karibu dola 25, nami kwa hela hiyo ningetumia tu kompyuta, ambako nako ni bure.

Nilianza na fungu la kadi lililotengenezwa na mtu mwingine, lenye orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead wa New Zealand ya mwaka 2000: makundi 570 ya maneno yanayojirudia kwenye maandishi ya kitaaluma. Orodha ni nzuri sana. Ila aliyepanga kadi kaweka neno huku, maana kule, basi. Maana nazijua, lakini neno lilelile likija ndani ya sentensi ya mistari minne, nakwama.

Kilichonifaa ni kadi zangu. Nikikutana na neno kazini naandika sentensi nzima kama ilivyo, neno nalikoleza. Ya leo asubuhi: "Notwithstanding clause 4, the consignee shall pay all demurrage." Nyuma nimeandika: hata kama kifungu cha 4 kinasema vingine, mpokea mzigo atalipa gharama zote za ucheleweshaji. Hapo silikumbuki neno peke yake, nakumbuka na nani alilipa!

Programu inakuja imepangwa kadi mpya 20 kwa siku. Kwa mtu wa kazi ni nyingi, kwa sababu marudio nayo yanaongezeka, na ukiruka siku mbili tatu unakuta rundo. Nimeweka 5.

Sura yake imepauka kama fomu ya benki. Anayetaka pointi na katuni atachoka mapema. Matamshi nayo usiyategemee humo, labda uweke sauti mwenyewe. Mimi sijahangaika nayo, barua za mizigo hakuna anayezisoma kwa sauti.