Mapendekezo ya YouTube kwenye simu: yanajua tunachopenda, hayasikii tunachokataa

Wengi wanaoitathmini programu ya YouTube huangalia ubora wa picha, wingi wa matangazo na bei ya huduma ya kulipia. Mimi naitathmini kwa jambo moja tu, nalo ni mapendekezo: zile video zinazojipanga kwenye ukurasa wa mwanzo kabla hujaandika neno lolote, pamoja na zile zinazofuata mara video uliyoichagua inapokwisha. Mapendekezo ndiyo yanayobeba huduma nzima. Mwaka 2018 Neal Mohan, aliyekuwa msimamizi mkuu wa bidhaa za YouTube wakati huo na ambaye baadaye alipanda kuwa mkurugenzi wake mkuu, alieleza kuwa zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu hutumia kutazama video humo hutokana na mapendekezo ya mfumo wenyewe.

Mfumo huo haufanyi kazi kwa siri kama inavyodhaniwa mara nyingi. Hadi mwaka 2012 video iliyofunguliwa na watu wengi ndiyo iliyopewa nafasi, jambo lililowanufaisha wenye vichwa vya habari vya kuvutia na maudhui matupu. Mwaka huo YouTube ikaanza kutazama zaidi muda ambao mtu anakaa na video. Mwaka 2016 wahandisi wa Google, kampuni inayoimiliki YouTube, walichapisha maelezo ya mfumo huo, wakaonyesha kwamba kazi hufanyika kwa hatua mbili: kwanza mamilioni ya video huchujwa hadi zikabaki mia kadhaa zinazokaribiana na mienendo yako, kisha hizo chache hupangwa kwa kukisia ni ipi utaitazama kwa muda mrefu zaidi. Pamoja na hayo kuna vitufe vya kupenda na kutopenda, na yale maswali mafupi yanayokuuliza kama uliridhika na ulichokitazama.

Kwa mpenzi wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1960 na 1970, mfumo huu ni neema, na nalisema hilo kwa dhati. Kumbukumbu nyingi za muziki huo zimepandishwa mtandaoni na watu binafsi waliohifadhi santuri na kanda za kaseti, kila mmoja akiandika jina la mwanamuziki kwa tahajia yake, wengine wakiacha kabisa kutaja bendi. Ukitafuta kwa kuandika jina, unaweza kukosa nusu ya vilivyomo. Mapendekezo hayategemei usahihi wa maandishi hayo peke yake, kwa sababu yanafuata nyayo za wasikilizaji: waliosikiliza wimbo huu hadi mwisho walisikiliza na upi mwingine? Nilianza na Mbaraka Mwinshehe, na baada ya muda ukurasa wangu wa mwanzo ukaniletea Marijani Rajab akiwa na Safari Trippers, ukanipitisha kwa Dar International, ukanifikisha kwa Simba Wanyika, bendi ya akina Kinyonga, ndugu wa Tanga waliojijengea jina Nairobi, kisha ukavuka mpaka hadi Kongo, kwa Franco na bendi yake ya TP OK Jazz. Nyingi ya video hizo zina picha moja tu isiyosogea, jalada la santuri lililofifia rangi na kuchanika pembeni, na muziki wenyewe una mkwaruzo wa sindano tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtangazaji wa redio ambaye angenipangia safari hiyo kwa subira namna hiyo, na sijaona huduma nyingine ya muziki kwenye simu inayofikia hazina hii ya watu binafsi.

Udhaifu mkubwa uko upande wa pili, pale mtazamaji anapotaka kukataa. Ukibonyeza vile vidoti vitatu pembeni mwa video, utapata njia ya kusema kwamba video hiyo haikuvutii, na nyingine ya kuzuia chaneli nzima isipendekezwe tena. Mwaka 2022 taasisi ya Mozilla, iliyo nyuma ya kivinjari cha Firefox, ilichapisha utafiti uliotumia takwimu zilizochangwa kwa hiari na watu zaidi ya 20,000, ukipima kama vitufe hivyo vinafanya kazi. Kitufe cha kusema video haikuvutii kilizuia takriban asilimia 11 tu ya mapendekezo yanayofanana na yaliyokataliwa, kile cha kutopenda asilimia 12, kufuta video kwenye historia asilimia 29, na kuzuia chaneli asilimia 43. YouTube ilijibu kwamba vitufe vyake havikukusudiwa kufuta mada nzima, kwa kuwa kufanya hivyo kungemfungia mtu ndani ya mawazo ya aina moja. Hoja hiyo ina uzito katika mambo ya siasa na maoni, lakini haimsaidii mtu aliyechoshwa na video za ajali za barabarani. Anayekataa kwa kubonyeza kitufe anastahili kusikilizwa sawasawa na anayekubali kwa kutazama.

Kwa sisi watazamaji wa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi. Utafiti mwingine wa Mozilla, wa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watu wa nchi ambazo Kiingereza si lugha kuu waliripoti video walizojutia kuzitazama kwa kiwango cha asilimia 60 zaidi ya wenzao wa nchi za Kiingereza. Yeyote anayefuatilia habari kwa Kiswahili ameshakutana na vichwa vinavyotangaza kifo cha msanii ambaye yu hai, au vinavyoahidi siri nzito ambayo haitajwi hata mara moja ndani ya video. Lugha yenye mamilioni ya wazungumzaji haipaswi kupewa ulinzi hafifu.

Kwa hali ilivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Jambo linalohitaji uangalizi wa kwanza ni historia ya video ulizotazama. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa: mchana watoto wanatazama katuni, jioni baba anataka uchambuzi wa soka, usiku mama anatafuta mapishi, na mfumo unawahesabu wote kuwa mtu mmoja mwenye tabia zisizoeleweka. Kabla ya kumpa mtoto simu, bonyeza picha ya akaunti yako na uwashe hali fiche, ili atakachokitazama kisiingie kwenye historia yako. Chaneli inayokukera ifungie kabisa; usipoteze muda kwa kukataa video moja moja. Anayetaka kuifuta historia yote na kuanza upya anaweza, ingawa ajue kwamba tangu Agosti 2023, mwenye historia iliyozimwa na asiye na kumbukumbu za kutosha za kutazama hukuta ukurasa wa mwanzo mtupu, wenye sehemu ya kutafutia tu. Naona uamuzi huo ni wa haki kwa anayetaka utulivu, lakini unamlazimisha mtu achague kufuatiliwa katika kila kitu au kutopendekezewa chochote.

Limebaki suala la bando. Video kwenye ukurasa wa mwanzo hujicheza zenyewe bila sauti unapozipitia, na kila moja inakula data hata kama hukuifungua. Ndani ya mipangilio unaweza kuzizima kabisa au kuziruhusu zijicheze pale tu unapotumia waifai, na kitufe cha kuzuia video inayofuata isijianzishe kipo juu ya video yenyewe. Ningependa mipangilio hiyo miwili iwe imezimwa tangu programu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza, hasa katika nchi ambazo watu wengi hununua data kwa siku au kwa saa, kisha anayeihitaji aiwashe mwenyewe.