Vitu vya maana haviwekwi desktopu, eti

Nilitaka kuandika maoni haya juu ya fundi wa kompyuta siku ileile. Mume wangu akaniambia hasira hasara, subiri zipoe. Nimesubiri wiki kadhaa na hazijapoa, basi naandika nazo hivyohivyo.

Kompyuta yetu ya nyumbani ni ile ya mezani, CPU yake nzito utadhani imejazwa kokoto. Ilikuwa imechoka. Ukiiwasha unakwenda kuinjika chai, unarudi bado inazunguka. Mwanangu naye alikuwa ameshusha magemu huko anakojua yeye, ikawa kila ukifungua intaneti matangazo ya kamari yanakurukia. Jirani akanielekeza kwa fundi Kariakoo, kibanda cha vioo ghorofani, jina silitaji. Nikaibeba kwa bajaji, nimeipakata kama mgonjwa.

Pale kaunta nilisema, na maneno yangu nayakumbuka: "Kaka, humu mna picha za mwanangu na hesabu za kikoba. Fanya utakachofanya, hivyo visiguswe." Akajibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Hiyo ndogo, dada. Tunapiga Windows mpya, jioni unachukua." Elfu ishirini. Sikuomba hata kupunguziwa.

Jioni naichukua, kweli inawaka kabla sijakaa vizuri kitini. Nikasema moyoni, kijana huyu Mungu ambariki. Hiyo baraka naomba nirudishiwe.

Nyumbani ndipo nikaona. Desktopu imefagiliwa kama uwanja wa siku ya Idi. Folda ya picha haipo, ya kikoba haipo. Iliyopo ni folda moja imeandikwa ZAWADI, na ndani yake filamu za mapigano zilizotafsiriwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, mpaka nikachoka kuteremka. Kumbe kwa ajili ya kunifurahisha.

Kesho yake nimo kibandani asubuhi, hata hajamaliza kufungua. Akaniuliza, "Kwani uliviweka wapi?" Nikamwambia desktopu. Akacheka. Nasema alicheka, akamgeukia mwenzake: "Aliviweka desktopu!" Halafu akanipa somo: "Dada, vitu vya maana haviwekwi desktopu. Mtu anayejua kompyuta anaweka D. Kaangalie D yako, sijaigusa."

Nikaangalia D, ile sehemu nyingine ya diski. Ilikuwa salama salimini: nyimbo za kwaya, na masomo ya Kifaransa ambayo mume wangu aliyaanza akaishia la pili.

Sasa mimi si fundi, lakini mwenye kuungua ndiye anayejifunza moto. Desktopu ni folda tu kama folda nyingine, imo ndani ya C, palepale Windows ilipo. Ukiifuta C umeifuta na desktopu. Hilo yeye alilijua, tena ndiyo maana alicheka. Lililonichoma zaidi nimelijua baadaye: Windows 10 yenyewe ina mahali pa kujirudisha upya, kwenye mipangilio, sehemu ya urejeshaji, na kabla haijafanya lolote inakuuliza, mafaili yako yabaki au niondoe kila kitu? Ukichagua yabaki, zinaondoka programu na mipangilio, picha zako zinakaa, tena inakuachia na orodha ya programu ilizoziondoa. Magemu ya mwanangu yangekwenda na ingekuwa imeisha. Yaani mashine inauliza. Fundi, mwenye mdomo na masikio, niliyemwambia ana kwa ana, hakuuliza.

Na hata kama alitaka kupiga Windows ya kwenye flashi, angeiweka juu ya ile ya zamani bila kufomati. Vya zamani vingejikusanya kwenye folda inayoitwa Windows.old, ambayo hukaa siku kama 10 ndipo inafutwa. Siku 10! Mimi nilirudi kesho yake asubuhi. Lakini yeye alifomati kwanza, eti iwe safi.

Kijana wa pili nilielekezwa na shemeji yangu. Akaniamkia shikamoo kwanza, nikajua hapa nimefika kwa watu. Akasema, "Mama, tangu vilipofutwa umeitumia?" Nikamwambia wanangu wametazama filamu. Akafumba macho kidogo. Akanieleza kwamba diski yetu ni ya zile za kuzunguka, na fomati ya haraka huondoa orodha tu, vitu vyenyewe vinabaki mpaka kije kitu kingine kikae juu yao. Ingekuwa SSD, zile za kisasa zisizozunguka, akasema, hata asingejisumbua. Sasa juu ya picha zangu kilikuwa kimekaa nini? Windows mpya, ndiyo. Na ile ZAWADI.

Akaitoa diski, akaifunga kwenye mashine yake, akaiachia PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, usiku kucha. Picha zilirudi nyingi, hazina majina wala tarehe, herufi f na msururu wa namba, zimechanganyika na vipicha vya matangazo. Za mtoto anatambaa zipo. Za siku aliyozaliwa ziko nne, na mbili kati ya hizo zimekatika nusu, chini rangi ya kijivu tupu. Faili la kikoba lilirudi mara tatu, na kila moja lina jumla yake. Kina mama walikuja sebuleni na madaftari yao, tukakesha tunalinganisha. Nashukuru nilikuwa na desturi ya kupiga picha hesabu za kila mwezi na kuzitupia kwenye grupu la WhatsApp, la sivyo leo ningeitwa mwizi.

Haya, niwe mkweli. Kompyuta inakimbia. Matangazo hayapo. Bei ilikuwa ya haki, na mimi mwenyewe miaka yote sikuwahi kununua hata flashi ya kuwekea nakala. Nikafika mahali pa kusema nyota mbili, hata tatu. Nikampigia yule fundi wa Kariakoo kumweleza kistaarabu, nikidhani atasema pole tu, basi tuyamalize. Akasema, "Dada unakuza mambo, si picha tu? Mtoto si unaye?"

Hapo hata ile moja naichukua. Simpi kitu.

Juzi mwenye kibanda, si yule kijana, kanirudishia elfu kumi kwa simu na ujumbe wa samahani. Sijui niifanyeje. Kuirudisha ni ukorofi, kuila inanikwama. Labda nyota moja basi, iwe ya mwenye kibanda.

Wanangu wanaiulizia ile filamu ya mamba. Nimeihamishia D.