TAHADHARI: Shokapu "za upepo" zenye kopo la mapambo

Ndugu waendesha bodaboda, hasa wa Boxer na TVS, kuweni macho. Mitandaoni na madukani kuna wanaouza shokapu za kawaida za oili kwa bei ya shokapu za upepo. Kinachowavuta wateja ni kile kikopo cha dhahabu au chekundu cha pembeni, chenye valvu kama ya tairi. Kimefungwa kwa bolti tu. Hakuna tundu linalokiunganisha na shokapu.

Msikilize muuzaji. Akisema "hii ya gesi, ukitaka iwe ngumu pita kwa fundi pancha akuongezee upepo," ondoka. Kwenye shokapu ya gesi ya kweli, gesi ya kwenye kopo ni naitrojeni. Kazi yake ni kuibana oili isitoe povu ikipata moto, na haiongezwi kijiweni. Shokapu ya upepo ni aina nyingine. Ya kweli hurekebishwa, lakini kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji. Chumba chake ni kidogo mno, kompresa ya matairi hukijaza kupita kiasi kufumba na kufumbua, sili (mpira wa kuzuia kuvuja) ikaachia.

Ya upepo ijaribuni ikiwa imefungwa kwenye pikipiki. Mtu akae, pima kutoka ekseli ya nyuma hadi ukingo wa kiti, pampu, pima tena. Ya kweli hunyanyuka. Kwenye feki geji inaweza kupanda vizuri kabisa, ila kimo kiko palepale.

Ya gesi usiipime kwa geji, maana geji yenyewe huimeza gesi hiyo kidogo. Mwombe fundi mwenye kibano aitoe springi (bila kibano inaruka na kuumiza), kisha sukuma rodi (chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu) ndani uiachie. Yenye gesi hurudi yenyewe taratibu. Isiyo na gesi hubaki ulipoiacha. Unapoisukuma, rodi ikilegea ghafla kabla ya kufika mwisho, hewa imeshaingia kwenye oili.

Pimeni pia urefu, katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, kushoto na kulia. Wengine huchanganya ya milimita 320 na ya 340 kwenye boksi moja.

Anayetaka hela yote kwa simu kabla hujaishika shokapu, achaneni naye.

Mlioshauziwa, kagueni rodi kila jioni. Ikilowa oili msipakie abiria, kwa sababu oili hushuka hadi kwenye tairi na breki. Rudishieni zile zilizokuja na pikipiki.