Ray Stevens: wimbo wa dhati au wa kuchekesha?

Mwanamuziki huyu wa kantri kutoka Marekani alishika namba moja kwenye chati ya nyimbo ya jarida la Billboard mara mbili, kwa nyimbo zisizofanana hata kidogo. "Everything Is Beautiful" (1970) unaanza na kwaya ya watoto, kisha anaimba juu ya watu kupendana bila kujali rangi. Ulimpa tuzo ya Grammy. "The Streak" (1974) ni vichekesho vitupu: mtu anakatiza mbio uchi wa mnyama, mwanahabari anamhoji shuhuda, na shuhuda anamfokea mkewe, Ethel, asitazame! Mwaka ule kukimbia uchi hadharani kulikuwa kumepamba moto, kwa hiyo utani ulieleweka papo hapo. Leo unahitaji maelezo. Ule wa watoto hauhitaji. Mimi nauchagua huo, ingawa naamini kuchekesha kwa mpigo sahihi ni kazi ngumu zaidi.