Kibali cha kupiga filamu Tanzania: yule wakala aniachie roho yangu

Watu wa kamera hapa Lubumbashi, kama mnatafuta wakala wa Dar es Salaam wa kuwatolea kibali, huyu niliyempitia mimi mkimbieni. Jina silitaji. Wengi mna namba yake tayari, inazunguka kwenye magrupu yetu kama homa.

Kazi ilikuwa nyepesi: kumfuata dereva mmoja wa kamyo ya shaba toka Kasumbalesa mpakani kwetu, kukatiza Zambia, kuingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma, mpaka bandari ya Dar. Na Bodi ya Filamu ya Tanzania sina ugomvi nayo. Fomu, muhtasari wa hadithi, paspoti za timu, mahali pa kupigia picha, orodha ya vifaa na namba zake. Sheria yao ni ya 1976, sisi ndio wageni, tunafuata. Tulimtumia wakala kila kitu, hata picha ya kila kifaa namba ikionekana vizuri. Kibali kikatoka, tukamalizia malipo, tukanywa bia ya Simba, tukalala na furaha.

Tunduma sasa. Afisa wa forodha, kijana mpole kabisa, anageuza kamera, anasoma chini yake, anasoma karatasi, anarudia. "Mzee, hii siyo hii." Kamera inaishia na 3, kibali kinasema 8. Mtu amelipwa dola kuandika namba, na hiyo namba imemshinda! Kamera kubwa ikabaki kwao.

Nampigia wakala, hapokei. Namwandikia WhatsApp, tiki za buluu, kimya. Jioni ndiyo inaingia sauti yake: "Nyie Wakongo mna kelele sana. Namba moja tu? Mpeni mkubwa hapo kitu kidogo yaishe."

Kitu kidogo! Yule kijana hakutuomba hata maji. Uchafu ni wa wakala, hongo nitoe mimi, halafu tabia mbaya ni ya Wakongo. Mwaka 2022 tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tukashangilia kwamba sasa tuko nyumbani mpaka baharini. Mwambieni na yeye, maana naona habari haijamfikia. Na kwa nini ahangaike? Alikuwa ameshalipwa yote.

Dereva wetu hakuweza kungoja, mzigo una tajiri wake. Kamyo ikapanda kwenda Mbeya, sisi tumekaa pembeni ya barabara na kamera ndogo tunapiga picha za kamyo za watu wengine. Kile kipande cha njia hatunacho, na ndicho nilichokuwa nakiota tangu mwanzo: mzee peke yake kwenye usukani, nchi ya watu, usiku unaingia.

Mwishowe nikapiga simu mwenyewe kwenye ofisi ya vibali. Akapokea mama mmoja, akasema "poleni wanangu", akaomba picha ya ile namba, na karatasi iliyorekebishwa ikatufikia kwa imeli bila mimi kuongeza hata senti. Nikajiuliza tulimlipa wakala kwa ajili gani.

Lakini niseme ukweli ingawa unaniuma. Barabara ya kwenda Dar inapita ndani ya hifadhi ya Mikumi, na kusimama pale kupiga picha za twiga kunataka ruhusa ya watu wa hifadhi, kibali cha filamu peke yake hakitoshi. Ruhusa ilikuwepo, wakala ndiye aliyeiomba. Bandarini vilevile: barua ilikuwa imeshatangulia getini, mlinzi akatazama, akatupisha. Kwa hayo nilitaka kumpa nyota tatu. Kazi anaijua, huwezi kumnyima.

Basi nikaisikiliza tena ile sauti kabla ya kuandika hapa. Nyota moja. Nayo naitoa kwa ajili ya twiga.

Kama huna njia nyingine ila yeye, usimalizie malipo kibali kikitoka. Kwanza mwambie akitume kwenye simu, shika kamera mkononi, soma tarakimu kwa tarakimu, na mwenzako asome nyuma yako. Droni usiiweke kwenye mfuko mmoja na hayo, ile ina ruhusa yake kwa mamlaka ya usafiri wa anga, nasi yetu tuliiacha nyumbani Lubumbashi. Na akikupigia kunikana, sauti yake ninayo, nitamtumia yeyote atakayeiomba.