DP4400e, DP4601e, DP4801e: redio kolu zinazofanana, ipi uchukue kwa kazi za huku Kigoma

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sipo ofisini, nipo Kibirizi ufukweni, hizo kelele mnazosikia nyuma ni maboti ya abiria yanapakia kwenda Mwamgongo na Kagunga, kwa hiyo mnivumilie na huu upepo. Hapa mbele yangu kuna redio kolu tatu za Motorola, DP4400e, DP4601e na DP4801e, nimezileta huku ziwani makusudi kwa sababu kila wiki naulizwa swali lilelile, fundi hizi zinatofautiana nini mbona zinafanana, na kama zinafanana mbona bei hazifanani.

Nianze na hili maana ndilo linalowamalizia watu hela. Nguvu ya kurusha ni ileile. Zote tatu, kama ni za VHF, yale masafa ya chini, zinatoa wati 5, ukizishusha zinatoa wati 1, na kama ni za UHF, masafa ya juu, ni wati 4. Betri zinaingiliana, chaja ileile, kitufe cha kuongelea kipo palepale ubavuni na kile cha chungwa cha dharura kipo juu karibu na antena. Mtu anakuja ananiambia nataka ile yenye kioo na namba kwa sababu hiyo ndiyo inafika mbali. Hapana kaka yangu. Kioo hakirushi sauti.

Umbali huku ziwani unatokana na kimo. Simama kwenye boti, redio umeishika kama mita 2 juu ya maji, dunia imejikunja, basi wimbi lako linaona mbele kama kilomita 6 hivi, na mwenzako kwenye boti lake naye anaona 6 zake, mnakutana kwenye 12. Sasa Gombe tu hapo ni kama kilomita 16 kutoka mjini, Kagunga ni mbele zaidi tena, na hapo sijahesabu vilima vinavyoingia majini vikakukata kabisa. Lakini chukua antena ya ofisi ukaipandishe kilimani mita 100 juu ya maji, hiyo peke yake inaona kilomita 41 kama hakuna kitu katikati. Kwa hiyo ukiwa na hela ya kutafuta umbali ipeleke kwenye mlingoti, antena na waya mzuri, ukibakiza chenji ndiyo tuongee habari ya kioo.

Haya, tusome jina lenyewe, maana Motorola hapa wameandika kila kitu kwenye namba, ni watu tu hawasomi. Angalieni hii, nne, nne, sifuri, sifuri. Ile tarakimu ya pili ndiyo inakwambia sura ya redio. Ikiwa 4 haina kioo wala vitufe mbele. Ikiwa 6 ina kioo na vitufe vichache vya kuzungukia menyu. Ikiwa 8 ina kioo na vitufe vyote vya namba kama simu za zamani. Tarakimu ya mwisho ikiwa 0 hamna GPS hamna Bluetooth, ikiwa 1 zipo. Ukizipanga hivyo unapata redio sita, 4400e, 4401e, 4600e, 4601e, 4800e na 4801e, basi, hakuna siri nyingine.

Ile e ndogo mwishoni msiidharau jamani. Kuna DP4400 bila e, ni toleo la kabla, na sokoni bado zinazunguka nyingi zilizotumika. Zile ni IP57, hicho ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji, maana yake vumbi linaweza kupenya kidogo na maji imepimwa mita 1 kwa nusu saa. Zenye e ni IP68, vumbi halipiti kabisa na maji inavumilia zaidi ya hapo. Kwa barabara ya Kasulu kiangazi, lile vumbi jekundu, na kwa mtu anayepigwa na mawimbi ya kusi kutwa nzima, mimi hiyo tofauti naitaka. Ila mnisikilize vizuri, kuvumilia maji siyo kuelea. Hizi zote zinazama, na Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ikishadondoka imeenda. Funga kamba kwenye redio, kamba nyingine ifungwe kwako. Na haka kamfuniko ka ubavuni kanakoziba sehemu ya kuchomeka maiki, kakikatika usikaache hivyo, zile pini zikila kutu maiki inaanza kukatakata.

Sasa 4400e. Mimi naipenda sana hii na wateja wengi hawaipendi kwa sababu haina kioo, wanaona kama wamepewa ya maskini. Ina chaneli 32, wenzake wenye kioo wana hadi 1,000, lakini niambie ukweli, wewe mlinzi wa hoteli, wewe msimamizi wa stoo pale bandarini, unatumia chaneli ngapi? Mbili? Tatu? Unazungusha hiki kitasa cha juu, kinagonga tik, tik, hata gizani unahesabu kwa kidole unajua uko ya tatu. Na ikipangwa vizuri inakutajia kwa sauti uko chaneli gani. Usichokipata ni jina la anayekuita, kwenye kioo unaona kabisa ni nani, hapa unasikia sauti tu, na kama watu wako wote wana sauti zinazofanana hilo ni tatizo, nalikubali. Lakini kwa ulinzi, hoteli, shule, 4400e inatosha, na hela inayobaki nunua betri ya pili ya kila redio.

4801e nitapita haraka. Hizi namba kazi yake ni kumpigia mtu mmoja kwa namba yake bila wengine kusikia, au kuandika meseji. Ofisini kwa mtu anayeratibu kazi, sawa, inafaa sana. Kwenye boti, mikono ina maji na mafuta ya injini, nani anaandika meseji? Nimeshaziona zinarudi kwangu baada ya mwaka vitufe vya namba vipya kabisa, havijawahi kubonyezwa, na kitufe cha kuongelea kimelika. Mwenye nazo alilipia kitu asichokigusa.

Hapa kwenye GPS ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo ushauri wangu uliponibadilika mwenyewe. Zamani nilikuwa nawaambia wenye maboti wachukue 4401e, ya bei nafuu yenye GPS, nikidhani nimewasaidia. Sasa fikiria, 4401e inajua ipo wapi lakini haina kioo, haiwezi kukuonyesha. Ile sehemu ilipo inaituma kwenye kompyuta ya ofisini yenye programu maalumu ya ramani. Una hiyo kompyuta? Una mtu wa kukaa nayo usiku? Kama huna, ile GPS ipo ndani imelala tu inakula betri. Lakini 4601e, ngoja niwaonyeshe, naingia menyu hapa, nashuka, nabonyeza OK, mnaona? Latitudo hii hapa, longitudo hii hapa, na satelaiti inazozipata. Nahodha injini ikimfia saa nane usiku anabonyeza anasema niko 4 nukta kadhaa kusini, 29 nukta kadhaa mashariki, na aliyeko Kibirizi anaandika kwenye karatasi, anayekwenda kumfuata anajua anakwenda wapi. Hakuna kompyuta, hakuna intaneti. Sisi huku tunajua ndugu zetu wanavyotafutwa ziwani, watu wanazunguka na tochi na kupiga kelele mpaka asubuhi, mimi hiyo karatasi yenye namba mbili naiona ni kubwa mno. Kwa hiyo boti, 4601e. Na antena ikivunjika usiweke antena yoyote tu inayoingia kwenye tundu, hizi za GPS zinatumia antena ya pamoja, ya redio na ya GPS, ukikosea sauti inaweza kwenda ila satelaiti zinapotea.

Haya, VHF na UHF. Kuna mzee mmoja hapa ana maboti, mwaka juzi aliagiza redio sita dukani, sitalitaja duka, zikaja zote zimeandikwa jina lilelile mbele, boksi zinafanana, akaniita nizipange. Nne zikaongea, mbili kimya. Akafikiri ni mbovu. Nikatoa betri, hivi, unabana lachi ya chini unavuta, nyuma yake kuna lebo, sogezeni kamera hapa. Mnaona imeanza MDH56 halafu herufi J? J ni VHF, kuanzia megahezi 136 hadi 174. Zile mbili zilikuwa na R hapo, hiyo ni UHF, 403 hadi 527. Hazitaongea na wenzake hata uzikumbatishe, hakuna programu ya kuzibadilisha, ni vifaa tofauti ndani. Mzee alikaa nazo miezi mitatu kuzirudisha. Kwa hiyo kabla hujatoa hela toa betri kwanza, soma hiyo herufi, kila redio, moja moja, usione aibu muuzaji akinuna.

Uchukue ipi? Ziwani na porini, VHF. Ndani ya majengo, ghorofa, maghala yenye kuta nene, UHF inapenya vizuri zaidi na antena yake ni fupi.

Dada mmoja kaniuliza kama zinaongea na GP340 zao, zile Motorola za zamani za analogi. Ndiyo mama, zinaongea, hizi zinafanya kazi analogi na dijitali, unampangia fundi chaneli moja iwe analogi kwa ajili ya za zamani na nyingine dijitali. Dijitali sauti inakuja safi bila ule mchakacho, na kwa ripita, ule mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena mbali, chaneli moja ya kilohezi 12.5 inabeba mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Ila mjue tabia yake, analogi ukienda mbali inaanza kuchakaa taratibu, unasikia kabisa unapotea, dijitali inakuwa safi, safi, halafu kimya. Mwambieni nahodha mapema, asidhani redio imekufa, apande sehemu ya juu au ageuze boti kidogo ajaribu tena.

Na masafa hayaokotwi. Leseni inatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ukishapewa masafa yako ndiyo fundi anayaingiza, msikubali mtu awawekee tu masafa aliyoyatoa kichwani, unaweza ukawa umekaa juu ya watu wa kazi nyeti bila kujua. Na hizi siyo redio za kibaharia, anayetaka chaneli 16 ya meli, megahezi 156.8, atafute redio iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Betri, wakikuandikia masaa kwenye boksi wanahesabu unaongea asilimia 5, unasikiliza 5, na 90 redio imekaa tu. Siku ya kupakia dagaa watu wanapiga kelele kutwa, hiyo hesabu haipo, ndiyo maana nasema betri ya pili.

Yule mzee wa maboti juzi kaongeza, kachukua 4601e tano za manahodha na 4801e moja ya binti yake anayekaa ofisini. Nimezitoa betri zote sita mbele yake, kasoma mwenyewe. J, J, J, J, J, J. Kesho alfajiri tunapanda na moja mpaka Mwamgongo kupima inapokatikia, nitawawekea video yake.