Miezi minane na mashine ndogo ya kuchomelea: Land Rover 109 ya baba na tela lake

Land Rover 109 ya marehemu baba ilikaa uani miaka kumi na moja, tela lake nyuma yake, chini ya mwembe. Hapa Tanga upepo wa bahari hauna huruma na chuma. Bodi ya gari hili ni ya aluminiamu, haishiki kutu, kwa hiyo ukilitazama kwa mbali unasema zima. Kumbe chesisi inaliwa kwa ndani, maana ni boksi lenye uwazi, na tope likishaingia linabaki humo na unyevu wake. Siku nilipogonga kwa nyundo boriti ya nyuma, ile inayovuta tela, nyundo ilizama.

Sikuwa na fedha ya kulipeleka gereji, wala sikutaka mtu mwingine alifungue. Nikanunua mashine ya kuchomelea ya inveta, zile ndogo za kubeba begani kwa mkanda, shilingi 230,000 pamoja na nyaya zake. Nimeitumia miezi minane sasa.

Nianze na kilichonifurahisha zaidi. Mashine za zamani za koili hazikupi nafasi ya kuchagua chanya na hasi. Hii inakupa, kwa sababu umeme unaotoka ni wa mkondo mmoja. Bati la chesisi ni jembamba, kama milimita 2, na wiki ya kwanza nilikuwa natoboa matundu kila nikigusa. Mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu alisimama, akatazama, akasema, "Mwanangu, hamisha kishikio cha rodi upeleke kwenye hasi, kisha gusa na uachie, gusa na uachie." Nikabadilisha plagi mbili za mbele, nikashusha hadi ampea 65 kwa rodi ya milimita 2.5, na matundu yakakoma. Kwa vyuma vya pembe vya tela, vinene zaidi, narudisha kishikio kwenye chanya na kupandisha hadi 85, na moto unaingia vizuri. Kwa jambo hili moja tu ningeinunua tena.

Kwenye boksi wameandika ampea 200. Msiamini. Rodi ya 3.2 mashine inaiunguza kwa kuhema, na ya 4 haiiwezi kabisa. Tena soma kibandiko cha nyuma: asilimia 60 maana yake katika kila dakika kumi unachomelea sita, nne unaiacha ipumue. Kwa joto letu la Februari mimi naipumzisha zaidi ya hapo.

Umeme wa nyumbani ndio uliokaribia kunikatisha tamaa. Jioni watu wakiwasha majiko na feni, rodi inaganda kwenye chuma na kukatakata. Nililaumu mashine kumbe kosa lilikuwa eksitensheni yangu, waya mwembamba wa mita 30 niliouacha umeviringwa kwenye gurudumu lake hadi ukaanza kunuka. Nilinunua waya mnene wa mita 10, nikawa nafanya kazi asubuhi, na tangu hapo moto umetulia. LUKU inakwenda, hilo halifichiki, lakini chini ya nilivyoogopa.

Mwezi wa nne ilizima ghafla. Fundi wa redio aliifungua akakuta unga wa chuma umejaa ndani: nilikuwa napiga grenda hatua mbili kutoka ilipo, na feni yake inavuta kila kitu. Aliipuliza, akabadilisha kipande kimoja, ikapona. Sasa ikifika zamu ya grenda naibeba hadi barazani na kuifunika. Rodi nazo nazitunza kwenye ndoo yenye mfuniko, maana unyevu wa hapa unazifanya zirushe cheche ovyo.

Ngao ya mkono iliyomo kwenye boksi itupe. Usiku mmoja nililala macho yakiwasha kana kwamba yamemwagiwa mchanga, na mke wangu ndiye aliyenishika mkono kwenda chooni. Kesho yake nilinunua kofia inayojitia giza yenyewe. Na kwa mwenye gari kama hili: tangi la mafuta liko chini ya kiti, litoe lote kabla hujawasha chochote. Toa na waya za betri. Kibano cha ethi, kile kinachorudisha umeme kwenye mashine, kiweke karibu kabisa na unapochomelea, umeme usije ukapita kwenye beringi.

Boriti ya nyuma nimeijenga upya, mikono mitatu inayobeba bodi nimeibadilisha, na sakafu ya tela ni mpya. Springi sikuzigusa kwa moto, chuma chake hukatika pembeni ya mshono. Niliagiza jani zima kwa wauza vipuri. Ekseli ya tela nilimpelekea yule mzee na mashine yake ya koili, kwa sababu ndiyo inayobeba uzito wote na yangu haina nguvu hiyo. Aliichomelea kwa rodi nene, akaiacha ipoe taratibu kwenye majivu. Jumamosi iliyopita tulipakia nazi kutoka shambani Pongwe, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki, na mama alikaa kiti cha mbele.